Eafoni za Bei Nafuu: Zijaribu kwa Sauti Unayoijua

Karibu kila Jumapili baada ya ibada, nikiwa nakunja nyaya za mitambo ya kwaya hapa Ihembe, Karagwe, kuna mtu ananisubiri mlangoni na kiboksi mkononi. "Fundi, hii wameniambia elfu kumi na mbili. Nzuri?" Akiwa kijana, anachotaka kujua ni kama ina besi. Akiwa mama mtu mzima, anataka kujua kama ataweza kumsikia mwanawe aliyeko Mwanza bila kumwambia "unasemaje?" mara nne. Siku hizi limeongezeka swali la tatu: hivi zipo zinazotengenezwa huku kwetu Afrika Mashariki, na sauti yake ikoje?

Nimechoka kujibu nikiwa nimesimama na waya begani, ndiyo maana nimeandika. Sitakutajia eafoni moja uende ukainunue, kwa sababu ukifika Kayanga au Omurushaka utakuta jina lilelile limebandikwa kwenye vitu vitatu visivyofanana. Nitakuonyesha namna ya kuijaribu mwenyewe kwa dakika kumi. Kabla hatujaanza, shika hili moja: usijaribu eafoni kwa wimbo wa muuzaji. Wimbo wake ameuchagua kwa kuwa unaficha kasoro za eafoni yake. Nenda na sauti unayoijua kwa moyo.

Na tuelewane kwa lugha ya dukani. Nikisema eafoni nina maana ya zile za waya. Nikisema eapodi nina maana ya zile zisizo na waya, zenye kikasha cha kuchajia.

Za huku kwetu zipo?

Zipo, ila si nyingi kama wauzaji wanavyotangaza. Kilicho karibu nasi zaidi ni kiwanda cha SIMI kilichoko Namanve, nje kidogo ya Kampala, ambacho Rais Yoweri Museveni alikizindua Novemba 2019. Pamoja na simu, chaja na nyaya za USB, uwezo uliotangazwa wakati ule ulikuwa eafoni 4,000 kwa siku. Kwa mtu wa Karagwe au Kyerwa, anayeweza kuvukia Murongo akaingia Kikagati, Kampala iko karibu kuliko Dar es Salaam, kwa hiyo swali hili lina maana kwetu kuliko kwa mtu wa Lindi.

Viwanda vingine vinavyotajwa sana si vya eafoni. Kiwanda cha kampuni ya Mara huko Kigali, Rwanda, kilichofunguliwa Oktoba 2019, kilikuwa cha simu. Kile cha Athi River nchini Kenya, kilichozinduliwa 2023, nacho ni cha kuunganisha simu. Kuhusu Oraimo, ambayo wengi hapa wanaapa kwamba ni ya Kiafrika: ni jina la kampuni ya Transsion ya Shenzhen, China, ambayo imelenga soko letu na inaunganisha simu zake Ethiopia tangu 2011. Kulenga soko letu si jambo baya. Lakini usiuziwe utaifa.

Hata pale Namanve, jua kwamba "kutengeneza" mara nyingi ni kuunganisha. Sumaku, kiwambo (kile kinachotetemeka kutoa sauti) na chipu ni vitu vinavyotoka viwanda vya mbali, China hasa. Sisemi hivyo kwa kudharau. Mkono unaounganisha vizuri na kukagua kila kimoja kabla hakijaingia boksini ndio unaotofautisha eafoni nzuri na mbovu, na mkono huo unaweza kuwa wa Mganda au Mtanzania vilevile. Ninachokataa ni kulipia elfu tano ya ziada kwa ajili ya bendera kabla sikio halijasema lolote.

Ukiambiwa "hii ni ya Uganda":

- Tazama kama maneno ya nchi iliyotengenezwa yamechapwa kwenye boksi lenyewe. Kikaratasi kilichogandishwa juu hakitoshi.
- Tazama kama kuna jina la kampuni na mahali inapopatikana.
- Kama unanunua nyingi za kuuza, uliza cheti cha asili ya bidhaa. Utaratibu rahisi wa biashara mpakani wa Jumuiya ya Afrika Mashariki unahusu mzigo usiozidi dola 2,000 na bidhaa zenye asili ya nchi wanachama. Eafoni ya Shenzhen iliyolala usiku mmoja Kampala haijawa ya Uganda.

Kwanza amua: waya au bila waya?

Hapa nitakuwa na upendeleo na sitauficha. Ukiwa na chini ya elfu ishirini, nunua ya waya. Katika eapodi ya elfu kumi na tano, pesa yako imegawanywa kwa betri tatu, chipu mbili, kikasha na taa zake. Kilichobaki kwa ajili ya sauti ni makombo. Katika eafoni ya elfu kumi, pesa yote imeingia kwenye viwambo viwili na waya.

Kuna sababu nyingine ambayo watu wa mjini hawaijui. Simu nyingi zenye redio ya FM hutumia waya wa eafoni kama antena. Ukichomoa waya, redio inakufa au inabaki ikikoroma. Kama wewe ni msikilizaji wa Redio Fadeco shambani, katikati ya migomba, eapodi haitakusaidia hata ungeinunua laki. Nimewaona watu wawili wamenunua eapodi kisha wakarudi kununua eafoni ya elfu tatu ili wapate taarifa ya habari.

Waya nao una matatizo yake. Unakatikia karibu na pini, unanasa kwenye jembe, na simu nyingi mpya hazina tena tundu la duara. Ukiwa na simu ya namna hiyo, nunua eafoni yenye pini ya Type-C, au kipande cha kuunganishia, na kipande hicho ukijaribu pamoja na eafoni yenyewe. Vingine vya bei ya chini vinapitisha muziki lakini havipitishi maiki.

Boksi linavyodanganya

Usipoteze muda kusoma boksi kama mkataba, maana mengi ni mapambo. Haya ndiyo yanayowakamata watu:

- "20 Hz hadi 20,000 Hz." Huo ni upeo wa sikio la binadamu, na kila kiwanda kinauandika. Hausemi lolote kuhusu uzuri wa sauti.
- Namba ya Bluetooth, 5.0 au 5.3. Inahusu muunganisho na matumizi ya chaji. Haifanyi kiwambo kibovu kiimbe vizuri.
- ANC na ENC. Hizi zinachanganywa makusudi. ENC inapunguza kelele kwenye maiki ili unayempigia akusikie. ANC ndiyo inayopunguza kelele masikioni mwako. Eapodi ya elfu ishirini iliyoandikwa herufi hizo kwa wino wa dhahabu mara nyingi ina ya kwanza tu, tena kidogo.
- "Saa 40 za muziki." Hizo ni pamoja na kuzirudisha kikashani na kuzichaji mara kadhaa. Uliza: zikitoka kikashani mara moja, zinakaa saa ngapi?
- Kiwambo cha milimita 13. Kikubwa hakimaanishi kizuri. Ngoma kubwa yenye ngozi iliyolegea inashindwa na ndogo iliyowambwa vizuri.
- Jina la Apple kwenye kitu cha elfu kumi na tano. Hilo halihitaji maelezo.

Andaa simu yako ukiwa nyumbani

Kazi kubwa inafanyika kabla hujapanda bodaboda. Usitegemee kufungua YouTube dukani. Mtandao ukiyumba sauti inashuka, na utailaumu eafoni bure. Weka haya ndani ya simu:

1. Sauti ya mtu wako. Mrekodi mama, mke, mume au mtoto akisoma sentensi hii: "Sasa Zaituni amesafisha sahani sita za shaba na vijiko vya fedha." Nimeijaza s, z, sh na f kwa makusudi. Herufi hizo ndizo zinazofichua eafoni kali inayochoma.
2. Wimbo wa kwaya. Kama unaimba kwaya, chukua ule unaouimba mwenyewe. Unajua soprano inaanzia wapi na alto inajificha wapi.
3. Ngoma na sauti ya mwanamke. Kwetu Kagera hilo ni jepesi: chukua wimbo wowote wa Saida Karoli unaoupenda. Vitu ni vichache, hakuna pa kujificha.
4. Gitaa. Wimbo wa dansi wa zamani, kama wa Mbaraka Mwinshehe, unafaa sana kwa sababu magitaa yanajibizana. Kumbuka tu kwamba zile ni rekodi za miaka ya 1970 na besi yake ni ya kiasi. Usiilaumu eafoni kwa kukosa kisichokuwemo.
5. Bongo Fleva moja yenye besi nzito. Iwe ya mwisho kusikilizwa. Ukianza nayo sikio linalewa, halitahukumu tena.

Kisha zima kila kitu kwenye simu kinachoongeza besi au kubadilisha sauti, yaani ikwalaiza na ndugu zake. Chaji simu. Chukua kitambaa safi na spiriti kidogo. Na kama unavyo vimpira vya masikioni vya zamani ambavyo vinakutosha, vibebe.

Dakika kumi dukani

Omba kukaa nyuma kidogo, mbali na spika ya barabarani. Siku ya gulio usijaribu kitu. Kelele ya pale itakufanya upandishe sauti, na sauti ikiwa juu kila eafoni inaonekana tamu. Nenda siku ya kawaida, asubuhi.

*Hatua ya kwanza: mkao.* Hapa ndipo wengi wanapoharibu. Eafoni isipoziba sikio, besi inavuja yote na sauti inabaki nyembamba kama ya redio ndani ya debe. Weka, kisha ibonyeze kidogo kwa kidole ukiwa unasikiliza. Kama besi inaruka ghafla unapobonyeza, vimpira havikutoshi. Badilisha saizi. Masikio mawili ya mtu mmoja yanaweza kutaka saizi mbili tofauti, wala si ugonjwa. Usihukumu chochote kabla hatua hii haijakaa sawa.

*Hatua ya pili: sauti ya mtu wako.* Weka sauti ya simu nusu. Sikiliza ile sentensi ya Zaituni. Ni yeye kweli, au ni mtu anayefanana naye aliyefunikwa blanketi? Je, "sasa" na "sahani" zinachoma kama sindano? Nikilazimika kuchagua kipimo kimoja tu, ningechagua hiki. Sikio lako limemsikia mama miaka yote; hakuna mashine inayomjua kuliko wewe.

*Hatua ya tatu: kwaya.* Jaribu kuhesabu sauti nne. Soprano utaipata, kila eafoni inaitoa. Itafute alto. Kwenye eafoni mbovu alto inamezwa, teno na besi zinageuka uji mmoja. Ukiisikia alto bila kuikunjia uso, una kitu kizuri mkononi.

*Hatua ya nne: ngoma.* Sikiliza pigo moja. Unasikia kiganja kikigusa ngozi kisha mlio, au unasikia "duu" tu linaloning'inia mpaka pigo linalofuata? Hilo "duu" ndilo wauzaji wanaliita besi. Mimi naliita ukungu.

*Hatua ya tano: kushoto na kulia.* Kwenye mipangilio ya simu, sehemu ya ufikivu, washa sauti ya mono. Halafu chukua kidude cha kushoto na cha kulia, uviweke kwa zamu kwenye sikio lilelile moja. Vilie sawa. Watu hulinganisha sikio la kushoto na la kulia, wakasahau kwamba masikio yao wenyewe hayalingani. Ukimaliza, izime mono.

*Hatua ya sita: ukimya.* Simamisha wimbo. Eafoni ya waya inatakiwa inyamaze. Eapodi za bei ya chini huacha "shhh" ndogo. Ikiwa unaisikia hata mchana dukani, usiku nyumbani itakuwa kama mvua juu ya bati.

*Hatua ya saba: ipandishe kidogo.* Robo tatu, sekunde kumi tu, kwa ule wimbo wa besi. Ikianza kukwaruza kama senene wanaokaangwa, irudishe mezani.

*Hatua ya nane: maiki.* Jitumie ujumbe wa sauti WhatsApp ukiwa umesimama nje kwenye upepo, kisha usikilize. Bora zaidi, mpigie mtu umwulize anakusikiaje. Ukiwa kwenye simu kwa eapodi, sauti hushuka ubora; hiyo ni kawaida ya Bluetooth inapobeba maongezi na maiki kwa pamoja. Usiichanganye na hukumu ya muziki.

Kwa eapodi ongeza mawili. Tia simu mfuko wa nyuma wa suruali, tembea, geuka. Mwili wa binadamu huzuia mawimbi ya Bluetooth, na eapodi dhaifu zitakatakata. Halafu fungua video ya mtu anayeongea ukatazame midomo. Kama neno linafika baada ya mdomo kufunga, utakereka kila siku.

"Mwimbaji amepotea!"

Ugonjwa huu naletewa sana, na mara nyingi si ugonjwa. Mtu anasema eafoni inatoa magitaa na vitikio, lakini mwimbaji mkuu yuko mbali kama anaimbia kisimani. Pini haijaingia yote, au waya wa ardhi ndani ya pini umekatika. Ardhi ikikosekana, sauti zilizo sawa kushoto na kulia zinafutana, na mwimbaji huwa katikati, kwa hiyo yeye ndiye anayefutika.

Fanya hivi: vua kava la simu, maana kava nene huzuia pini. Toa vumbi kwenye tundu kwa kijiti kikavu cha meno, taratibu. Sukuma pini mpaka isikike "tak". Ikikataa, izungushe; sauti ikirudi na kupotea, waya umekatika, na fundi simu mwenye risasi ya kuchomelea anaweza kuurekebisha kama eafoni inastahili.

Najua utaniambia

*"Muuzaji hakubali nijaribu."* Ana haki kidogo: hataki masikio ya watu ishirini yaguse bidhaa mpya. Mwambie una vimpira vyako na spiriti. Au mwombe jozi ya maonyesho, ila ukinunua, jaribu ile ya boksini pia. Akikataa vyote, duka la pili liko hatua chache mbele.

*"Mimi sina sikio la ufundi, sioni tofauti."* Hujapewa nafasi ya kulinganisha. Chukua mbili, wimbo mmoja, sekunde ishirini ileile, mara tatu. Utaiona. Ila sauti zilingane. Iliyo juu kidogo hushinda hata kama ni mbovu, na wauzaji wanajua hivyo.

*"Zote ni za Mchina, zinatoka kiwanda kimoja."* Hata zingetoka kiwanda kimoja, hazijakaguliwa na jicho moja. Naomba nikiri kosa langu. Niliwahi kununua eafoni sita kwa ajili ya kwaya, za wanaojifunza sauti zao nyumbani. Nikajaribu moja, ikanipendeza, nikabeba sita. Mbili zilikuwa na upande wa kushoto uliolia nusu, na moja haikulia kabisa. Muuzaji akanijibu kwamba nilizikubali mwenyewe. Alisema kweli. Tangu siku hiyo, hata kama maboksi ni pacha, nafungua kila moja.

*"Lakini mimi napenda besi."* Penda. Nunua eafoni safi, kisha ongeza besi kwenye simu. Yenye besi nyingi ya kuzaliwa huwezi kuitoa uchafu. Safi unaweza kuiongezea.

Kabla hujatoa pesa

Ulizia kubadilishiwa: siku ngapi, na kwa masharti gani? Jibu liandikwe kwenye risiti. Kuna Tume ya Ushindani inayoshughulika na bidhaa bandia, na ukikuta duka zima la feki ni vizuri kutoa taarifa, lakini kwa kitu cha elfu kumi na mbili risiti yenye maneno "kubadilisha ndani ya siku saba" itakusaidia haraka kuliko safari ya ofisini. Kuagiza Kariakoo ije kwa basi ni rahisi kwa bei, ghali kwa majuto, kwa kuwa hujaijaribu na kuirudisha ni nauli nyingine. Nafanya hivyo kwa vitu ninavyovijua tu.

Wiki ya kwanza

Siku ya kwanza sikio limefurahi kwa sababu ya upya, halihukumu vizuri. Tumia wiki moja hivi:

- Eapodi: zichaji zijae, zisikilize mpaka zizime, andika saa. Rudia siku tatu baadaye. Zikitofautiana sana, au upande mmoja ukifa mapema zaidi ya nusu saa, zirudishe ukiwa bado ndani ya muda.
- Chaji kikasha kwa chaja ndogo ya kawaida. Usikiunganishe moja kwa moja na sola isiyo na kidhibiti chaji. Umeme unaopanda na kushuka na jua unaua betri ndogo.
- Vaa saa nzima mfululizo. Zikiuma, sauti nzuri haitakuokoa.
- Futa vimpira kila baada ya siku chache, na wavu mdogo usugue kwa mswaki mkavu, uso ukiangalia chini ili uchafu udondoke. Usitumie sindano, usitumie maji.
- Vumbi jekundu la kiangazi na jasho la kupalilia ni maadui wawili. Zikitoka sikioni ziingie mfukoni mwa kitambaa au kikashani, zisining'inie shingoni.

Usiazimishe hovyo. Ukiazimisha, osha vimpira kwa sabuni, vikauke kabla ya kuvirudisha.

Masikio yenyewe

Eafoni unaweza kununua nyingine, masikio huwezi. Shirika la Afya Duniani linatoa kipimo: desibeli 80 kwa saa 40 kwa wiki ni salama kwa mtu mzima, lakini ukifika desibeli 90 muda huo unabaki saa 4 tu kwa wiki. Kwa watoto, ni desibeli 75 kwa zile saa 40. Huna mashine ya kupima, kwa hiyo fanya hivi: nyoosha mkono, mwenzako asimame mwisho wa kidole akuongeleshe kwa sauti ya kawaida. Usipomsikia kabisa, punguza. Simu ikitoa onyo unapopandisha sauti, usiligonge kulipuuza kama tangazo.

Na hii ndiyo faida ya vimpira vinavyoziba: kelele ya nje ikipungua, huna haja ya kupandisha. Upande wa pili, ukiendesha bodaboda au ukitembea kandokando ya lami ya kwenda Kyaka, zivue zote mbili. Hata "moja tu" usivae.

Ukiulizwa na wewe: "Vipi, nzuri?"

Ukishanunua, kuna mwenzako atakuuliza, na jibu la "kali sana, mzee" halimsaidii. Mwambie mambo matano: bei uliyolipa na mahali, simu unayotumia, ulisikiliza nini, umeitumia wiki ngapi, na kitu kimoja kinachokukera. Asiyekutajia cha kukera ama hajaitumia, ama anaiuza. Kama ni ya Namanve, taja hivyo, na uipime kwa kipimo kilekile cha nyingine. Kuisifu kwa sababu ni ya jirani ni kumnyima aliyeitengeneza habari anayoihitaji.

Kwa pesa uliyonayo

Chini ya elfu tano: ni za redio na maongezi. Pima sentensi ya Zaituni na maiki, basi.

Elfu tano hadi ishirini: waya. Humu ndimo mlimo na thamani halisi kwa muziki. Fungua tatu, chagua moja.

Elfu ishirini hadi arobaini: hapa eapodi zinaanza kujitetea, ila nunua yenye jina ambalo lina kituo cha huduma nchini. Jina la ajabu lenye taa saba liache. Chaji ndiyo itakayokuangusha kwanza, kabla ya sauti.

Zaidi ya hapo, jiulize kama simu yenyewe inastahili.

Basi usiende dukani kesho asubuhi na simu tupu. Leo usiku, nyumba ikitulia na jenereta la jirani likizimwa, mwombe mama aseme ile sentensi ya Zaituni, umrekodi.